Habari za Neno LUMEN: Nuru na Njia ya Nuru

Wasomaji wapenzi, neno tutakalolitazama mwezi huu ni fupi, lina herufi tano tu: LUMEN. Ni neno la Kilatini, na maana yake ya kwanza ni nuru. Wengi wenu mmekwisha kukutana nalo pasipo kulitambua. Limepigwa chapa juu ya kasha la balbu dukani. Huandikwa katika cheti cha daktari. Limo katika majina ya nyaraka za Kanisa. Mwanasheria wa Kirumi alilitumia, fundi wa umeme hulitumia, na mwalimu wa elimu ya mimea hulitumia hata leo. Na kila mmoja analo kwa maana yake.

Yamkini mtu atauliza, "Maneno ya Warumi waliokufa zamani yanihusu nini mimi?" Tumjibu ya kuwa yamhusu kwa mambo matatu: fedha atakayotoa kununua taa, kifua cha mtoto asomaye usiku, na mishipa ya damu iliyo mwilini mwake mwenyewe. Mambo haya yote matatu hutajwa au hupimwa kwa neno hili. Basi na tuliandame tangu asili yake, hatua kwa hatua.

1. UKOO WA NENO

Kilatini kina maneno mawili makubwa ya nuru, nayo ni lux na lumen. Yote mawili ni ya ukoo mmoja, na shina lao lina maana ya kung'aa. Ndugu zao ni lucere, kung'aa. Lucerna, taa ya mafuta. Na luna, yaani mwezi. Wayunani nao wana neno leukos, maana yake nyeupe, la shina hilo hilo. Jina la Lusia, ambalo mabinti wengi wa kwetu wamebatizwa nalo, latoka katika lux. Mtakatifu Lusia wa Siracusa, aliyeuawa kwa ajili ya imani mnamo mwaka 304, hukumbukwa tarehe 13 Desemba, na tangu zamani wenye ugonjwa wa macho humwomba awaombee.

Ukoo wa nuru una pia mtoto mmoja aliyeharibikiwa na jina. Warumi waliiita nyota ya asubuhi lucifer, yaani mleta nuru, nalo lilikuwa jina jema. Tena alikuwako askofu wa mji wa Cagliari katika karne ya 4 aliyeitwa Lucifer, wala hakuna aliyeshangaa. Baadaye Wakristo wa Magharibi wakalitumia jina hilo kumtaja shetani aliyeanguka, na tangu hapo hapana mzazi ampaye mwanawe. Sisi Waswahili hatuna haki ya kuwacheka. Kwetu mwanga ni nuru, na mwanga vilevile ni mchawi atembeaye usiku. Neno moja limebeba mchana na giza, na msikilizaji huamua kwa maneno yaliyo kandokando yake.

Hapa yafaa mwalimu awaonye wanafunzi wake: si kila neno lifananalo na lumen ni ndugu yake. Sufuria zetu za alumini zang'aa sana zikisuguliwa kwa mchanga, na mtu aweza kudhani ya kuwa jina lao latoka katika nuru. Sivyo. Latoka katika alumen, yaani shabu, ile chumvi itumiwayo tangu kale kutia nguo rangi na kulainisha ngozi. Kadhalika nchi ya Luxembourg haina nuru katika jina lake. Jina lake la kale, lililoandikwa katika hati ya mwaka 963, lina maana ya ngome ndogo. Kufanana kwa sauti si udugu.

2. LUX NA LUMEN: CHEMCHEMI NA MTO

Ikiwa maneno ni mawili, je, tofauti yao ni nini? Katika maneno ya kila siku Warumi walichanganya mara nyingi. Lakini wataalamu wa baadaye walitaka kupambanua. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa mkuu wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwa Kiarabu ya kuwa mng'ao uliomo ndani ya jua au moto wenyewe ni jambo moja, na nuru itokayo humo ikaviangukia vitu vingine ni jambo la pili. Kitabu chake kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jambo la kwanza likaitwa lux. Na la pili, ambalo yeye aliliita nur, likaitwa lumen. Tazameni, wasomaji: hilo nur la Kiarabu ndilo nuru letu sisi. Nuru ya Kiswahili na lumen ya Kilatini zilikwisha kukaa meza moja miaka 800 iliyopita na zaidi.

Robert Grosseteste, aliyekuwa askofu wa Lincoln katika Uingereza tangu mwaka 1235 hata kufa kwake mwaka 1253, aliandika kitabu kidogo juu ya nuru, akaishika tofauti hiyo. Tukitaka kuifahamu kwa mfano wa nyumbani, tuseme lux ni chemchemi, na lumen ni mto uliokwisha kutoka ukapita mashambani. Hakuna anywaye chemchemi iliyo mlimani. Twanywa mto uliotufikia.

Tofauti hii hutusaidia kufahamu mambo ya Kanisa. Nyaraka za Kanisa huitwa kwa maneno yake ya kwanza, si kwa habari iliyomo. Hivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake kubwa juu ya Kanisa, tarehe 21 Novemba 1964, hati hiyo ikaitwa Lumen Gentium, maana yake nuru ya mataifa. Na barua ya Papa Fransisko ya mwaka 2013, iliyoanzwa na Papa Benedikto wa 16 aliyemtangulia, yaitwa Lumen Fidei, nuru ya imani. Wengi husikia jina Lumen Gentium wakadhani ya kuwa Kanisa lajiita lenyewe nuru ya mataifa. Wakiyasoma maneno yanayofuata watakuta ya kuwa nuru hiyo ni Kristo, na Kanisa hupokea tu mng'ao wake. Mababa wa zamani, mmoja wao Ambrosi wa Milano aliyefariki mwaka 397, walilifananisha Kanisa na mwezi, usiokuwa na nuru yake wenyewe. Basi luna hana neno la kujivunia mbele ya ndugu yake lumen, alichonacho amekopeshwa.

3. LUMEN NI DIRISHA

Sasa twafika mahali neno linapogeuka, na msomaji aangalie vema, kwa kuwa maana zote za baadaye zapita hapa.

Warumi waliita nuru lumen. Kisha wakaliita lumen hata tundu lile ambalo nuru huingilia. Vitruvius, fundi mkuu wa majengo aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika vitabu kumi vya elimu ya ujenzi, na humo atumia lumen kwa uwazi wa mlango na wa dirisha. Hivyo neno likawa na pande mbili: nuru, na nafasi ya kupitia nuru. Macho nayo ni madirisha ya mwili. Ndiyo sababu washairi wao waliyaita lumina, yaani nuru nyingi, na mtu aliyepofuka walimtaja kuwa amepotewa na nuru zake. Naye Cicero, msemaji wao hodari aliyeuawa mwaka 43 kabla ya Kristo, alitumia neno hilo hilo kwa mapambo ya hotuba, na kwa watu bora walioupa mji fahari.

Sheria ya Kirumi iliyatunza madirisha. Katika mkusanyo mkubwa wa sheria uliotolewa na Kaisari Justinian mwaka 533, kitabu cha 8, mna habari za haki za majirani mijini. Mmoja wapo wa haki hizo ni kwamba jirani asijenge wala asiinue ukuta wake hata akaiziba nuru ya mwenzake, ikiwa wamekwisha kupatana hivyo. Nuru ilikuwa mali ya kudaiwa barazani kama shamba au kisima.

Sisi tuna methali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya hekima, wala hatuipingi. Lakini kuna uwazi ambao si ufa, na anayeuziba hujiletea hasara. Twaona nyumba nyingi, za mjini na za shamba, zenye madirisha madogo kama kiganja, tena yamezibwa kwa gunia au bati kwa hofu ya mwivi na baridi. Watu saba hulala humo wakivuta pumzi ile ile hata asubuhi. Daktari Robert Koch wa Ujerumani alitangaza tarehe 24 Machi 1882 ya kuwa amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Kijidudu hicho hutoka kwa kikohozi cha mgonjwa, kikaelea hewani kwa saa nyingi katika chumba kilichofungwa. Upepo hukichukua nje, na miale ya jua hukiua. Dirisha wazi haliwi badala ya dawa, na mgonjwa hapana budi ameze dawa zake hata mwisho. Lakini dirisha huwalinda walio pamoja naye. Mwivi azuiwe kwa nondo na wavu, nuru na hewa viachwe viingie.

4. LUMEN NDANI YA MWILI

Mama mmoja alinijia siku moja mkononi ana cheti cha hospitali cha baba yake mzee.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hajambo mgonjwa?"

"Hajambo kidogo. Mwalimu, wewe ulisomeshwa Kilatini. Hapa imeandikwa ya kuwa lumen ya mshipa wa mguu wa baba imepungua. Ndugu zangu wasema lumen ni nuru, basi ni macho yanayozimika. Tumekwisha kuchanga fedha za miwani."

Nikamwambia, "La, mwanangu. Macho ya baba hayakutajwa hapa. Lumen ya mshipa ni uwazi wake wa ndani, njia ya damu. Njia hiyo imekuwa nyembamba. Fedha hizo mrudisheni mzee hospitalini upesi, mguu wake una njaa ya damu."

Wakamrudisha. Ndugu zake hawakukosa Kilatini, kwa maana lumen ni nuru kweli. Hawakuambiwa tu ya kuwa neno hili lina upande wa pili.

Maana hii ya waganga hufahamika upesi kwa njia hii. Mwalimu akate bua la jani la mpapai, lile ambalo watoto hulifanya baragumu. Alikate kipande kifupi, akiinue kuelekea mawinguni, wala si kuelekea jua lenyewe, kisha atazame ndani yake. Ataona ukuta wa kijani ukizunguka duara jeupe la nuru. Duara hilo ndilo lumen. Watu waliopasua miili wakaichunguza mirija yake waliuona uwazi uo huo, wakaupa jina lililo sawa na dirisha la Warumi. Hivyo leo mshipa wa damu una lumen, koo la pumzi lina lumen, utumbo una lumen, na hata sindano na mipira ya hospitali ina lumen. Mpira mmoja waweza kuwa na lumen mbili au tatu, kila moja ikipitisha dawa yake pasipo kuchanganyika na nyingine.

Kwa nini waganga huona hofu lumen ikipungua? Sababu ilionyeshwa na tabibu Mfaransa Jean Poiseuille, aliyezaliwa mwaka 1797 akafariki mwaka 1869. Alipima maji yapitayo katika vijirija vyembamba vya kioo, akaona ya kuwa mrija ukipungua upana wake nusu, nguvu ya kusukuma ikiwa ile ile, yapitayo hayabaki nusu. Yabaki sehemu moja tu ya 16. Maana mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 16. Kwa hiyo mafuta yakiganda katika ukuta wa mshipa kidogo kidogo, mtu aweza kukaa miaka asijue. Kisha hupungukiwa ghafula. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu, au kiungo hukosa chakula chake. Tumbako, shindikizo la damu lisilotibiwa, na kisukari kisichoangaliwa huharakisha jambo hilo. Methali yasema mficha uchi hazai. Anayesikia maumivu ya kifua au ya miguu akitembea asifiche.

Tena jambo la ajabu: hata jani lina lumen. Ndani ya chembe za kijani za jani mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na uwazi ulio ndani ya vifuko hivyo wataalamu huuita lumen. Jua liangazapo jani, maji hupasuliwa kwenye ukuta wa kifuko upande wa ndani, na hewa ya oksijeni tuivutayo hutoka hapo. Wataalamu walilichagua jina hilo kwa sababu ya uwazi, si kwa sababu ya nuru. Lakini katika jani pande zote mbili za neno zimekutana. Nuru yafanya kazi mlangoni mwa mahali paitwapo nuru, na kila kiumbe kivutacho oksijeni chaishi kwa kazi hiyo.

5. LUMEN NI KIPIMO

Katika mwaka 1894 Mfaransa mmoja, André Blondel, mtaalamu wa umeme, alitoa shauri ya kuwa nuru ipewe vipimo vyenye mpango mmoja, kama vile urefu na uzito ulivyo na vipimo vyake. Mafundi wa umeme wa mataifa walipokutana Geneva mwaka 1896 walilikubali shauri lake, na humo lumen likawa jina la kipimo. Sisi twaweza kuliandika lumeni. Wenzake ni wawili, nao wa Kilatini vilevile: kandela, maana yake mshumaa, na luksi, ambayo ni lux tuliyokwisha kuitaja.

Kandela hupima ukali wa nuru itokayo upande mmoja. Mshumaa wa kawaida ni kama kandela 1. Lumeni hupima wingi wa nuru yote itokayo katika taa. Mshumaa huo hutoa lumeni 12 hivi pande zote. Na luksi hupima nuru iliyofika mahali: lumeni 1 ikienea juu ya mita 1 ya mraba ni luksi 1. Jua la mchana hutupa luksi 100,000 hivi, na mwezi mpevu wa usiku safi ni kama robo ya luksi.

Tena kipimo hiki hakihesabu kila mng'ao, ila ule tu ambao jicho la mwanadamu huutambua. Joto la pasi halina lumeni hata moja, ijapokuwa laweza kuunguza. Kwa mapatano ya mwaka 1979, wati 1 ya nuru ya kijani, ambayo jicho huipokea vema kuliko zote, ni lumeni 683. Warumi waliita jicho lumen, na mafundi wa leo hupima lumeni kwa jicho; neno halikupotea njia.

Basi tuje dukani. Zamani mtu aliomba balbu kwa wati, na fikira hiyo bado imo vichwani mwetu: wati nyingi, nuru nyingi. Lakini wati ni chakula cha taa, na lumeni ni kazi yake. Vibarua wawili waweza kula sahani sawa wasilime sawa. Balbu ya zamani yenye uzi wa moto, ya wati 60, hutoa lumeni 700 hivi. Chakula chake kingi huishia katika joto. Balbu ya LED ya wati 8 au 9 yaweza kutoa lumeni 800. Kwa hiyo mwenye nyumba asiulize wati peke yake. Ageuze kasha, atafute neno lumen au herufi mbili lm, alinganishe bei na lumeni, ndipo atoe fedha. Na kasha lisiloandikwa lumeni zake, mnunuzi ana haki ya kulitilia shaka.

Mwalimu apendaye kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili hahitaji chombo cha gharama. Mtaalamu wa Kijerumani Robert Bunsen, wa karne ya 19, alitumia karatasi yenye doa la mafuta. Chukueni karatasi nyeupe, mdondosheeni tone la mafuta katikati, muisimamishe wima katika chumba chenye giza. Upande mmoja wekeni mshumaa, upande wa pili taa mnayotaka kuipima. Isogezeni taa mbele na nyuma hata mahali ambapo doa latoweka, au lafifia kuliko pote. Hapo pande zote mbili zaangazwa sawa. Pimeni umbali. Mshumaa ukiwa sentimeta 20 kutoka kwenye karatasi, na taa sentimeta 100, taa i mbali mara 5. Nanyi zidisheni 5 kwa 5, mpate 25. Taa hiyo, kwa upande ule, ni sawa na mishumaa 25. Maana nuru ikienda mbali mara mbili hupungua mara nne, na ikienda mara tano hupungua mara ishirini na tano.

6. KIBATARI NA KIFUA

Sasa tuyafunge mafundisho haya mahali pamoja, nyumbani, saa mbili za usiku, mtoto akiwa na daftari.

Watunzao shule za Ulaya hutaka meza ya mwanafunzi ipate luksi 300 hadi 500. Kibatari cha kopo na utambi hutoa lumeni 10 hivi, pungufu ya mshumaa. Kikiwekwa nusu mita kutoka daftarini, ukurasa hupata luksi 3 au 4. Mtoto afanyeje? Huinama. Husogeza uso wake karibu na mwali apate luksi zaidi, kwa kuwa amejifunza mwenyewe, pasipo mwalimu, kanuni ile ya umbali tuliyoitaja. Na hapo puani pake ndipo moshi upitapo. Waliopima vibatari vya namna hiyo wameona ya kuwa katika kila gramu 100 za mafuta yanayoungua, gramu 7 hadi 9 hutoka kuwa masizi meusi. Masizi hayo huingia katika mirija ya pumzi, nayo ni mirija ya mtoto, myembamba kuliko yetu. Ukuta wake huwaka na kuvimba. Lumen yake hupungua. Na mwenye pumu huanza kukoroma kifuani. Kumbukeni hesabu ya Poiseuille: kupungua kidogo kwa njia ni kupungua kukubwa kwa kipitacho.

Hivyo kibatari hutoa lumeni chache kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huziba lumen ya kifua. Kikulacho ki nguoni mwako. Wala hatumlaumu mzazi akiwashaye; anataka mwanawe asome, naye hutumia alichonacho. Lakini siku hizi taa ndogo za nguvu ya jua zapatikana madukani, na taa ya lumeni 100, nuru yake yote ikielekezwa juu ya nusu mita ya mraba ya meza, huipa meza luksi 200, pasipo moshi na pasipo hatari ya kuunguza chandarua. Haba na haba hujaza kibaba: fedha ya mafuta ya kila juma ikiwekwa kando, au nyumba mbili tatu zikichanga, taa hupatikana. Na wale ambao hawajaweza bado, kibatari na kiwe karibu na dirisha lililo wazi, moshi upate njia. Kisiwe katikati ya watoto, wala karibu na kitanda. Tena kazi ya kusoma na ifanywe kwanza wakati wa jua, kwa maana luksi za jua hazina bei.

Wasomaji wapenzi, Warumi waliipa nuru na tundu lake jina moja. Hekima yao ilikuwa hiyo: nuru haiingii nyumbani isipoachiwa nafasi, na mshipa, na koo, na dirisha, vyote vyaishi kwa nafasi iliyotunzwa. Wazazi, zitazameni nyumba zenu juma hili: dirisha gani limezibwa, na mtoto yupi huinamia moshi. Walimu, chukueni bua la mpapai na karatasi yenye doa la mafuta darasani. Na atakayeona neno lumen juu ya kasha au katika cheti, asipite. Asimame aulize: je, hapa ni nuru, au ni njia yake?